Mtawa wa Jikoni na Neno Letu "Mungu Kwanza"



Neno nitakalo kulinena leo mwalijua nyote, maana haupiti mwezi pasipo kulisikia au kulisoma: "Mungu kwanza." Limeandikwa juu ya milango ya maduka, limechorwa katika magari ya abiria na ubavuni mwa mashua, mwenye harusi hulitaja, na mwenye kufungua mkutano wa chama cha ushirika hulitaja. Ni neno jema. Walakini neno litajwalo sana huwa kama sarafu iliyopita mikono mingi: bado yafaa kununulia, ila sura iliyopigwa juu yake haionekani tena. Kwa hiyo nimeona vema tuitazame sarafu hii upya. Na ili tusiitazame kwa mawazo yetu matupu, nimechagua kitabu kimoja kidogo, cha mtu mnyonge, nikipime mbele yenu. Nionyeshe uzuri wake, wala nisifiche upungufu wake.

Kitabu hicho ni cha Ndugu Laurent, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 17. Jina la kitabu, kama tungelitia katika Kiswahili, lingekuwa "Kuzoea Kuwa Mbele za Mungu." Ni kidogo hata mtu aweza kukianza baada ya ibada ya Jumapili na kukimaliza kabla ya jua kuchwa. Wakristo wa madhehebu mengi wamekisoma na kukipenda. Basi msomaji asisite kwa sababu mwenye maneno haya ni mtawa, na katika misheni yake yeye hakuna watawa. Mtu mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani.

Kwanza yafaa tumjue mtu mwenyewe. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nicolas Herman. Alizaliwa karibu na mwaka 1614 katika kijiji cha Hériménil, jirani na mji wa Lunéville, katika nchi ya Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Hakuwa mtu wa ukoo mkubwa wala wa elimu nyingi. Alipokuwa na miaka 18, siku moja ya majira ya baridi, aliutazama mti uliopukutika majani yote. Huko Ulaya miti mingi wakati wa baridi husimama mitupu, kama mbuyu wetu wakati wa kiangazi, hata mgeni angedhani imekufa. Yule kijana akawaza moyoni kwamba baada ya muda si mrefu majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda. Fikira hiyo ikamfunulia uweza wa Mungu na jinsi awatunzavyo viumbe vyake, wala haikumtoka tena maisha yake yote.

Hata hivyo hakuwa mtawa siku ile. Alikuwa askari katika Vita vya Miaka 30, vilivyoiharibu Ulaya ya kati tangu 1618 hata 1648. Akajeruhiwa, akabaki mwenye mguu mbovu. Kisha akawa mtumishi katika nyumba ya bwana mmoja mwenye kazi ya hazina, na mwenyewe alikiri kwamba alikuwa mtu mzito wa mikono, mwenye kuvunja kila kitu. Mwaka 1640 akapokewa mjini Paris katika nyumba ya Wakarmeli Pekupeku, si awe padre, bali awe ndugu wa kazi. Wakampa jiko. Nalo jiko, kwa tabia yake, alilichukia sana; walakini alikaa humo miaka ipatayo 15. Baadaye akapewa kazi ya viatu vya watawa wenzake. Alikufa tarehe 12 Februari 1691, naye hakuwahi kuwa mkubwa wa nyumba ile hata siku moja.

Sasa tukitazame kitabu. Msomaji ajue ya kuwa Ndugu Laurent hakukaa chini akakitunga. Padre mmoja, Joseph de Beaufort, alimwendea mara nne kuzungumza naye, mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1666, na mara ya mwisho mwezi wa Novemba 1667, akayaandika aliyoyasikia. Mtawa alipokwisha kufa, padre huyo akayakusanya mazungumzo yale pamoja na barua zilizosalia na mafundisho mafupi, akayapiga chapa mwaka 1692 na mwaka 1694. Hapa ndipo panapotoka upungufu wa kwanza wa kitabu. Hakina mpango. Neno lililonenwa katika barua moja larudiwa katika barua nyingine, na tena katika mazungumzo. Tena mara nyingi hatumsikii mpishi mwenyewe, bali twasikia msomi akituambia kwamba mpishi alisema hivi na hivi; na ajuaye jinsi habari ibadilikavyo kutoka kisimani mpaka nyumbani atasoma kwa uangalifu.

Lakini upungufu huo una faida yake. Mtu atungaye kitabu hutaka aonekane mwema. Mtu amwandikiaye rafiki aliye mgonjwa hutaka rafiki apate nafuu. Barua hizi zaenda kwa watu wenye haja: huyu ni mgonjwa, yule amechoka na sala zake, mwingine ana habari za kijana aliye jeshini. Juu ya kijana huyo mtawa hasemi kwamba aache upanga akimbilie kanisani. Ashauri tu kwamba hata akiwa njiani na silaha mkononi aweza kuuinua moyo wake kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kitamfaa. Huyo ni mtu aliyekuwa askari akimnenea askari. Maneno yake si ya kukisia.

Mafundisho yake naweza kuyafunga katika matatu.

La kwanza, saa ya sala na saa ya kazi, kwake yeye, si saa mbili zenye mabwana wawili. Katika makelele ya jiko, huyu akidai hiki na yule akidai kile, alijizoeza kuwa na Mungu kama alipokuwa amepiga magoti kanisani.

La pili, mtu hana haja ya kubadili kazi zake ili amtumikie Mungu, bali abadili yule amfanyiaye. Kazi tuliyozoea kuifanya kwa ajili ya nafsi zetu, tuifanye kwa ajili yake. Yasimuliwa kwamba aligeuza yai katika kikaango kwa kumpenda Mungu, na kwamba hata kuokota unyasi mmoja chini kulimtosha kuwa sadaka, akiuokota kwa upendo.

La tatu, alipokosa hakukaa akijipiga kifua siku nzima. Alimwambia Mungu kwa unyofu kwamba hivyo ndivyo atakavyokuwa sikuzote akiachwa peke yake, akaomba msamaha, akarudi kazini.

Kuna habari moja ya safari yake ambayo mimi naipenda kuliko nyingine. Walimtuma jimbo la Burgundy kununua divai ya nyumba. Kazi hiyo ilikuwa nzito kwake, maana hakuwa na akili ya biashara, tena alikuwa kiwete. Chomboni hakuweza kwenda ila kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Mtu wa dini wa namna nyingine angenung'unika kwamba ametolewa katika sala akatupwa sokoni. Yeye alimwambia Mungu kwamba shughuli hii ni yake Mungu, akaifanya. Na baadaye akaona imefanyika vema. Wafanya biashara wetu waisome habari hiyo mara mbili.

Basi, kitabu hiki chatwambia nini juu ya neno letu "Mungu kwanza"? Nadhani chatufundisha kwamba "kwanza" ni za namna mbili. Kuna kwanza ya foleni, na kuna kwanza ya msingi. Katika foleni ya kisimani au ya zahanati, aliye wa kwanza huhudumiwa, akaenda zake. Ndipo wa pili huja, na wa tatu, wala hakuna amkumbukaye tena yule wa kwanza. Lakini katika nyumba, jiwe la msingi huwekwa kwanza wala haliendi popote. Ukuta husimama juu yake, na paa juu ya ukuta. Mvua ikinyesha usiku, jiwe lile lililowekwa siku ya kwanza ndilo lizuialo nyumba isianguke. Wengi wetu tumemweka Mungu kwanza katika foleni. Twampa alfajiri yake, twampa Jumapili yake, twampa fungu lake katika bahasha. Kisha twamwambia, kwa adabu, apishe njia, maana sasa ni zamu ya duka, na zamu ya shamba, na zamu ya hasira zetu. Ndugu Laurent alimweka kwanza katika msingi.

Nitanena jambo langu mwenyewe, ingawa laniaibisha, kwa sababu mwalimu ahukumuye kitabu imempasa kusema kitabu nacho kimemhukumu vipi.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilifundisha katika shule moja ya kijijini. Nilikuwa na desturi ya kuamka kabla ya majogoo na kusali saa nzima, wala sikuiacha desturi hiyo hata nilipokuwa na homa. Nilijivuna nayo, ingawa singekiri. Shuleni nako nilishika sana sala ya asubuhi. Kengele ilipolia saa moja, aliyekosa kufika alikuwa amemkosea Mungu, si mimi. Asubuhi moja ya masika tulipokuwa tumekwisha kuanza wimbo, akaja msichana wa darasa la tatu, nguo zake zimelowa, miguu ina matope hata magotini. Nikamwambia asimame nje mpaka sala iishe. Ilipoisha nikamwambia mbele ya wenzake, "Hapa ni Mungu kwanza," nikampiga fimbo tatu za mkononi. Hakulia, wala hakusema neno.

Mchana akaja mama mmoja jirani yao. Akasimama mlangoni, akaniamkia kwa heshima, akasema, "Mwalimu, nimekuja kumwombea ruhusa mtoto yule. Bibi yake ameshikwa na homa usiku kucha, nao wakaa wawili tu. Mtoto ameteka maji, amepika uji, amemwosha bibi yake, ndipo akakimbia shule. Bibi mwenyewe ndiye aliyemhimiza asikose sala."

Wasomaji wangu, nilikuwa nimeshika chaki, nikaiweka mezani. Mimi niliyesali saa nzima nilitoka katika sala yangu nikampiga mtoto aliyetoka katika kazi ya Mungu. Mimi nilimweka Mungu kwanza katika saa ya ukutani. Yule mtoto alimweka kwanza katika ndoo ya maji na katika sufuria ya uji, wala hakujua kwamba ni hivyo. Jioni nilikwenda kwao kuomba radhi. Yule bibi alinikaribisha kwa moyo mweupe, akajitahidi kuinuka kitandani nikamzuia. Mtoto alijificha nyuma ya mlango, hakutoka. Alikaa siku nyingi pasipo kunitazama usoni, nami nilistahili.

Haikupita miaka mingi, mwalimu mwenzangu akaniazima kitabu hiki cha Ndugu Laurent. Nilipofika mahali pa jiko nilikifunga, nikaona ule mlango na yule mtoto nyuma yake. Ndiyo maana siwezi kukipima kama mtu apimaye kitambaa cha mwingine.

Hata hivyo sifa zisitufumbe macho. Wako wenye hoja juu ya kitabu hiki, nao yafaa wajibiwe.

Mzee mmoja wa kanisa, nilipomsimulia habari hizi, aliniuliza, "Mwalimu, kama jiko ni sawasawa na kanisa, kengele ya Jumapili twaipiga ya nini?" Ni swali la haki, maana nimewasikia vijana wakisema, "Mungu yu moyoni mwangu," na kwa neno hilo wakalala mpaka adhuhuri siku ya Bwana. Lakini wasomao hivyo wamekisoma nusu. Ndugu Laurent hakuacha ibada za nyumba yake. Alikwenda kusali katika saa zilizoamriwa na wakubwa wake, kama wengine wote. Hakusema kwamba kanisa halina kazi kwa kuwa kuna jiko. Alisema kwamba akitoka kanisani hamwachi Mungu humo. Mtu asemaye hana haja ya kula mezani kwa kuwa anatembea na chakula mfukoni, na tukimpekua mfukoni hatukuti kitu, huyo tumwiteje?

Hofu hii si ya mzee wetu peke yake. Fénelon, askofu mkuu wa Cambrai, alimjua Ndugu Laurent, na baadaye aliyatumia maneno yake kutetea mafundisho yake mwenyewe juu ya upendo mtupu usiotaka thawabu. Likazuka shindano kubwa katika Ufaransa, na mwaka 1699 Papa Innocent XII akayakataa maneno 23 yaliyotoka katika kitabu cha Fénelon. Wakubwa waliogopa kwamba watu wangejifunza kukaa kimya mbele za Mungu na kuacha kupigana na dhambi. Mimi si mwamuzi wa shindano hilo. Lakini kwa habari ya mpishi wetu nasema hivi: mtu aliyepika miaka 15 kazi asiyoipenda, na mguu wake ukimuuma, hawezi kuitwa mvivu wa roho.

Hoja ya pili ni yangu mwenyewe, nami naiona kuwa nzito zaidi. Ndugu Laurent hakuwa na mke wala mtoto. Hakudaiwa ada ya shule. Hakugombana na ndugu yake kwa mpaka wa shamba. Jiko lake lilikuwa na makelele, ndiyo; lakini kengele ya watawa ilipolia usiku, alilala, wala hapakuwa na mtoto mchanga wa kumwamsha mara nne. Mama wa kwetu aliye na mtoto mgongoni, kuni kichwani, na mume aliyerudi na hasira, akisoma kitabu hiki aweza kusema, "Huyu bwana alibarikiwa, na anijie mimi siku moja." Ni kweli. Kitabu hakisemi na mama huyo kama kilivyopaswa kusema. Kinampa mlango, lakini yeye mwenyewe itampasa kutafuta njia ya kupita na mzigo wake.

Na hoja ya tatu yaungana na hiyo. Katika kurasa hizi twamwona Mungu, na twamwona mpishi, na twakiona kikaango. Lakini wale waliokula chakula hicho twawaona kidogo mno. Ni nani alikuwa na njaa? Ni nani alikuwa mgonjwa, akahitaji mchuzi mwepesi? Kitabu karibu hakisemi. Msomaji asipojihadhari aweza kujenga humo chumba kidogo cha watu wawili, Mungu na nafsi yake, akafunga mlango, na jirani akabisha nje. Hapo ndipo tunapotakiwa kuiweka Injili kando ya kitabu hiki na kuvisoma pamoja. Bwana wetu katika Injili ya Marko, sura ya 7, aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali ile imekwisha kuwa wakfu kwa Mungu. Tazama, nao walisema "Mungu kwanza"! Na katika Mathayo, sura ya 5, amwagiza mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo hapo, aende kupatana kwanza. Mwenye madhabahu mwenyewe ametuambia tuache madhabahu ingoje. Hakusema hivyo kwa sababu Mungu amekuwa wa pili, bali kwa sababu yule ndugu hayuko katika foleni nyingine. Kumwendea yeye ni kumtii Mungu.

Jambo hili watawa wa zamani walilijua. Benedikto wa Italia, katika karne ya 6, aliwaandikia watawa wake kanuni. Katika sura ya 43 ya kanuni hiyo aagiza kwamba ibada isitanguliwe na kitu chochote. Lakini katika sura ya 36 aagiza kwamba kuwatunza wagonjwa kutangulie mambo yote, maana katika wao anatumikiwa Kristo. Msomaji wa haraka atasema mzee amejipinga: vitu viwili vyawezaje kuwa vya kwanza? Kama ni foleni, haiwezekani. Kama ni msingi, yawezekana, maana aimbaye zaburi na amwoshaye mgonjwa wanasimama juu ya jiwe moja. Tena katika sura ya 31 ataka vyombo vyote vya nyumba vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya madhabahu. Mpishi wa Paris alikuja zaidi ya miaka 1,000 baadaye, naye alikuwa wa chama kingine cha watawa. Lakini sufuria zake zimo katika neno hilo.

Wengine watanikumbusha habari za Martha na Mariamu katika Luka, sura ya 10, waseme kwamba jiko lilikwisha kuhukumiwa siku ile. Tuisome vizuri. Bwana hakumkemea Martha kwa sababu alipika. Hata yeye na wanafunzi walihitaji kula. Alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa mambo mengi. Martha alikuwa jikoni, na moyo wake ulikuwa sebuleni ukimhesabia dada yake makosa. Ndugu Laurent alikuwa Martha kwa mikono na Mariamu kwa moyo, na kitabu chake chote ni habari ya jinsi viwili hivyo viwezavyo kukaa katika mtu mmoja.

Lakini mtu asidanganyike akidhani ni jambo la juma moja. Katika barua yake moja akiri kwamba miaka 10 ya kwanza aliteswa sana moyoni. Aliziona dhambi zake, alianguka na kuinuka mara nyingi, hata akadhani kila kitu kinampinga. Naliona hili kuwa neno la kweli kuliko yote ya kitabu. Wahubiri wengi hutuonyesha mavuno pasipo kutuonyesha jembe. Yeye ametuonyesha jembe, na kutu yake. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hiki chake kilijaa kwa miaka 10, tena kwa mtu aliyekuwa hana kazi nyingine ya moyo.

Sasa nitasema hukumu yangu, kisha ninyamaze. Kitabu hiki ni chema. Kina makosa ya mpango, chamsahau mtu mwenye nyumba, na jirani hana kiti cha kutosha ndani yake. Lakini kwa neno moja kubwa chatupita sisi wenye kusema "Mungu kwanza" kila siku: kimelitoa neno hilo mdomoni na kulitia mikononi. Asomaye na akisome pamoja na Injili, si badala yake.

Na sisi wa vijijini tukijaribu fundisho lake, tusianze na mambo makubwa. Mwenye duka na aanze na kibaba chake. Akijaze kwa mtoto aliyetumwa kama akijazavyo kwa mtu mzima ajuaye kuhesabu, maana Mithali yasema wazi kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana. Mkulima na aanze na mpaka wake. Jembe lake lisiuhame ule mpaka mwaka baada ya mwaka, kidole kimoja kimoja, shambani mwa mjane. Karani na aanze na yule mzee aliyengoja barazani tangu asubuhi na karatasi zake mkononi. Mama aliyeamshwa usiku mara nne, asidhani kwamba usiku ule umepita pasipo sala. Na amtaje Mungu mara moja tu anapomfunika mtoto, yatosha. Na baba aliye kando yake, akitaka kumweka Mungu kwanza usiku huo, na aamke yeye mara ya tano.

Na mwalimu? Mwalimu na aanze na fimbo. Kabla hajaiinua na aulize mtoto ametoka wapi.

Tukifanya hivyo tutarudi kanisani Jumapili, na kengele haitakuwa imetupotezea kazi. Itatuita tulete mbele za Mungu yale tuliyoyafanya naye siku sita: kibaba, jembe, karatasi, mtoto, na ndoo ya maji. Hapo neno lile lililochorwa katika magari litapata sura yake tena, na asomaye ataweza kuitambua ni sura ya nani.

Kwaherini, wasomaji wapenzi. Niombeeni, nami nitawaombea.